Msimcheke Aliyepotea Njia, Muulizeni Panya

Mimi ni yule wa Kidato cha Tatu ambaye muhula wa pili alisimama katika mjadala wa Chama cha Kiswahili, akasema sentensi mbili, akashikwa na kigugumizi, akaketi. Mlicheka. Simlaumu mtu, kwani hata mimi ningalicheka. Lakini yale niliyotaka kusema siku ile yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kwa kuwa kalamu haina kigugumizi nimeamua kuyaandika.

Hoja ya siku hiyo, kama mnakumbuka, ilikuwa kwamba nchi zisipoteze pesa kwa sayansi isiyoleta ugali mezani. Mtetezi mmoja wa hoja, tena msemaji hodari, alitoa mfano wa panya. Alisema ati huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima wenye mvi na digrii tatutatu ambao kazi yao ni kumtia panya kwenye kijumba chenye vichochoro, kisha kutazama atapita wapi. Ukumbi mzima uliangua kicheko. "Panya anajua njia ya ghalani," akasema, "basi, yamekwisha!" Akapigiwa makofi mpaka mwalimu mlezi wa chama akagonga meza.

Mimi nasema msemaji yule alikosea, na nina mashahidi wawili. Wa kwanza ni panya mwenyewe. Wa pili ni nyanya yangu, mzaa baba. Nitaanza na nyanya, kwa maana yeye ndiye aliyenifanya nimsome panya.

Nyanya huuza mboga. Kabla baba hajazaliwa, alikuwa tayari anabeba kikapu cha managu na kunde kwenda sokoni kila Jumanne na Ijumaa, na njia yake ilikuwa moja tu: unashuka bondeni, unavuka kijito juu ya magogo, unapita katikati ya shamba la jirani chini ya mikaratusi, unatokea nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, na soko hilo hapo. Miaka miwili hivi iliyopita alianza kusahausahau. Aliniita kwa jina la baba. Alitia chumvi kwenye mboga, akageuka kuchochea moto, akatia tena. Aliniuliza kama nimetoka shule, nikamjibu, na kabla sijavua viatu akauliza vilevile. Lakini njia ya sokoni? Wapi! Hakuikosa hata siku moja, tena akienda alfajiri gizani bila tochi. Kwa hiyo nyumbani sote tukakubaliana kwamba huo ni uzee tu, na kwamba mtu anayeijua njia namna ile kichwa chake ki sawa. Kumbe hapo ndipo tulipojidanganya.

Mwezi wa Januari lile shamba liliuzwa. Mwenyewe mpya akalizungushia seng'enge pande zote, na ni haki yake. Sisi wengine tulinung'unika siku moja mbili, kisha tukaanza kupitia juu, kwenye barabara ya murram, mzunguko wa nusu saa hivi. Ijumaa ya kwanza baada ya ua kukamilika, nyanya aliondoka alfajiri kama kawaida. Sokoni hakufika. Nyumbani hakurudi. Tulimtafuta mchana kutwa. Saa mbili usiku alipatikana vilima viwili mbali na kwetu, amesimama nyuma ya zizi la ng'ombe la watu asiowajua, kikapu bado ki mgongoni na mboga zimenyauka. Mbwa walibweka, wenyewe wakatoka na tochi, na kufumba na kufumbua boma likajaa watu. Mwanamke mzee, usiku, nyuma ya zizi, akiulizwa atokako hajui la kusema. Mnalijua neno lililotajwa. Mtu mmoja alikuwa tayari ameokota jiwe. Aliyemwokoa ni kijana wa bodaboda aliyemtambua kwa sababu hununua mboga kwake. Alimpandisha kwenye pikipiki akamleta nyumbani, na nauli akaikataa.

Ndugu zangu, hili si jambo la mzaha. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021, katika Kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Kule Kilifi nako wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo mara nyingi. Sisemi kwamba hao walikuwa wagonjwa au wamepotea njia. Nasema tu kwamba neno lile likishatajwa usiku mbele ya watu wenye mawe, hakuna anayengoja maelezo.

Na kabla sijawanyoshea wengine kidole, nikiri langu. Usiku ule nilikuwa na hasira kwa sababu ya hofu, nikamwambia nyanya kwa ukali, "Nyanya, njia ya miaka yote hiyo unaipoteaje?" Akanitazama kwa muda, akasema, "Miguu ndiyo iliyokuwa ikijua. Tulipofika kwenye seng'enge, miguu ikanyamaza." Nikadhani ni maneno ya kizee. Jumatatu yake nikafika shuleni, nikakuta mtu ameandika kwa chokaa juu ya dawati langu: MJUKUU WA MCHAWI. Nilifuta nikaketi. Sasa mnaelewa kwa nini siku ya mjadala, panya alipochekwa, ulimi wangu ulikuwa mzito.

Baadaye baba alimpeleka nyanya kwa daktari, naye akautaja ugonjwa wenyewe, Alzaima, akasema huanza kuharibu sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na mahali. Mahali? Nilidhani kumbukumbu ni kumbukumbu tu, kama debe moja la mahindi. Nikamwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, naye badala ya kunijibu akaniambia, "Nenda ukasome habari za panya." Nilifikiri ananitania. Alinipa makala za kusoma, nami nimezisoma kwa wiki sita, nyingine kwa kamusi mkononi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Zamani wataalamu wengi walishikilia kwamba panya akijifunza njia hajifunzi kitu ila mfululizo wa mazoea: ukifika hapa pinda kulia, ukifika pale pinda kushoto, chakula hicho. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha California, Marekani, jina lake Edward Tolman, hakuridhika. Mwaka wa 1946 yeye na wenzake waliwafunza panya kufuata njia moja ya kuzungukazunguka mpaka kwenye chakula. Kisha wakaiziba njia ile. Badala yake wakaweka vichochoro 18 vilivyotawanyika kama miale ya jua. Jamani, hebu fikirini: ni jambo lilelile la nyanya na seng'enge! Panya amefika, njia aliyoizoea imefungwa. Kama panya anajua mazoea tu, basi amekwisha. Lakini zaidi ya theluthi moja ya panya walichagua kichochoro kilichoelekea upande kilipokuwa chakula, njia ambayo hawakuwahi kuikanyaga, na hakuna kichochoro kingine kilichopata wengi kama hicho. Wapinzani walisema palikuwa na taa karibu na chakula, na huenda panya waliifuata taa. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Hata hivyo Tolman aliendelea, na mwaka wa 1948 akaandika kwamba kichwani mwa panya, na mwa binadamu pia, mna kitu kama ramani.

Ramani! Watu walimwuliza, iko wapi basi? Tuonyeshe. Hakuweza kuwaonyesha, akafa mwaka wa 1959 bila kuiona.

Jibu lilitoka London mwaka wa 1971. John O'Keefe na mwanafunzi wake Jonathan Dostrovsky waliingiza nyaya nyembamba mno katika sehemu ya ubongo wa panya iitwayo hipokampasi, wakazisikiliza seli zake panya akitembea. Waliona ajabu. Seli moja ilikaa kimya, lakini panya alipofika mahali fulani, tuseme pembe ya kushoto karibu na dirisha, ilianza kutoa mapigo ya umeme, ta-ta-ta-ta. Akitoka pale, kimya. Seli nyingine ilikuwa na mahali pake pengine. Ndiyo maana zikaitwa seli za mahali. Mimi nilipolisoma hili niliacha kula. Maana yake ni kwamba kila pembe ya njia unayopita kuja shuleni, pale penye mparachichi, pale penye duka, ina seli zake kichwani zinazosema "tuko hapa."

Lakini "tuko hapa" pekee haitoshi. Ukiwa na ramani bila dira utafika wapi? Mwaka wa 1984 mtafiti James Ranck alipata, jirani na hipokampasi, seli ambazo hazijali panya yuko wapi. Hujali ameelekea wapi. Seli moja hupiga panya akielekeza kichwa upande mmoja, nyingine upande mwingine, mfano wa dira ya mabaharia. Na mwaka wa 2005, kule Trondheim nchini Norwei, May-Britt Moser na Edvard Moser pamoja na wanafunzi wao walitangaza jambo ambalo hata mwalimu wangu wa Hisabati alilipenda. Katika gamba la entorino, ambalo ni kama lango la kuingilia hipokampasi, kuna seli zinazopiga si mahali pamoja bali mahali pengi, kwa hatua zilizo sawa. Ukitia alama kila mahali seli moja ilipopiga, sakafu nzima hujaa pembetatu zenye pande sawa, zimepangika kama sega la nyuki. Ni karatasi ya grafu, ila mchoraji ni panya mwenyewe, na hakupewa rula! Inaaminika kwamba seli hizo husaidia kupima umbali na mwendo, ili mnyama ajue ametoka wapi na amekwenda hatua ngapi hata gizani. Mwaka wa 2014 O'Keefe na hao akina Moser walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Yule msemaji wetu aliyesema ni kazi ya watu wasio na kazi, nampa pole.

Zipo sehemu nyingine ambazo sitazimaliza. Ile ya juu kuelekea nyuma, parieto, husaidia kugeuza "kushoto kwangu" kuwa "upande wa mlango", na ile ya mbele kabisa husaidia kupanga na kuchagua. Mimi nataka kufika kwenye yale mawili yaliyonifungua macho kuhusu nyanya.

La kwanza ni la maji. Richard Morris, mtafiti wa Uingereza, alitengeneza bwawa la duara, akaweka ndani yake jukwaa dogo lililozama kidogo tu, na akayatia maji maziwa ili lisionekane. Panya mzima, baada ya siku chache, ukimwachilia upande wowote ule huogelea moja kwa moja hadi kwenye jukwaa, kwa kutazama madirisha na vitu vilivyo chumbani. Mwaka wa 1982 Morris na wenzake walionyesha kwamba panya aliyeharibiwa hipokampasi hawezi. Huzunguka na kuzunguka. Lakini jukwaa likiinuliwa juu ya maji akaliona kwa macho, anakwenda vizuri kabisa. Kwa hiyo si macho, si miguu, si uvivu, wala si kwamba hataki kufika. Kilichoharibika ni ramani. Nyanya naye ukimwonyesha soko kwa kidole atakwenda bila shida. Ni pale ambapo soko halionekani.

La pili ndilo kubwa. Mwaka wa 1996 Mark Packard na James McGaugh, Wamarekani, waliwafunza panya kwenye njia panda yenye umbo la msalaba. Panya alianzia upande mmoja kila siku, akipinda upande uleule kupata chakula. Siku ya 8 walimjaribu kwa kumwanzishia upande wa pili uliokabiliana na ule. Fikiri: panya mwenye ramani atakwenda mahali chakula kilipo, hata kama ni lazima apinde kinyume na alivyozoea. Panya wa mazoea atapinda vilevile alivyozoea, na atakosa. Siku ya 8, wengi walikwenda mahali. Siku ya 16, baada ya kurudia na kurudia, wengi walipinda tu vile walivyozoea. Ramani ilikuwa imewapisha miguu.

Sasa sikilizeni ujanja wao. Walitia dawa ya ganzi, kama ile ya daktari wa meno, katika sehemu moja ya ubongo kwa muda mfupi. Siku ya 8 wakiitia ganzi hipokampasi, panya hakujua aende wapi, upande huu ulikuwa sawa na ule. Siku ya 16 wakiitia ganzi hipokampasi, panya hakujali hata kidogo, alipinda kama alivyozoea, kwa kuwa sasa alikuwa akiongozwa na sehemu nyingine iliyo ndani zaidi, iitwayo straiatamu, ambayo kazi yake mojawapo ni mazoea. Na hiyo ya mazoea nayo ikitiwa ganzi siku ya 16, basi panya alirudia kwenda mahali! Ramani haikuwa imefutwa. Ilikuwa imefunikwa.

Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Wahenga walijua, ingawa hawakuwa na nyaya. (Walimu wa Hisabati mnisamehe, lakini hapa niliikumbuka ile siku mliyobadilisha herufi x ikawa m, na nusu ya darasa tukapata sufuri. Tulikuwa panya wa siku ya 16.)

Mimi si daktari, na ninayosema sasa ni maoni yangu, ila naamini yana msingi. Nyanya alipita njia ile si siku 16 bali zaidi ya miaka arobaini. Miguu yake ilikuwa na njia yake kamili, isiyohitaji ramani. Ugonjwa huu wa Alzaima, kama wataalamu walivyoonyesha kwa kuchunguza bongo za waliokufa, huanza mapema mno kuharibu lile gamba la entorino, lile la karatasi ya grafu, kisha huingia hipokampasi. Kwa hiyo ramani ya nyanya ilikuwa ikiharibika polepole miaka miwili nzima, na sisi tulikuwa tukimwona anakwenda sokoni na kurudi, tukisema, "Mzee huyu yuko sawa." Mazoea yaliuficha ugonjwa. Seng'enge haikumpoteza nyanya. Seng'enge ilituonyesha kwamba alikuwa amekwisha kupotea. Na lile neno lake nililolidharau, kwamba miguu ndiyo iliyokuwa ikijua, naona sasa kwamba alikuwa ameueleza ubongo wake vizuri kuliko nilivyoeleza mimi katika kurasa hizi.

Kuna atakayeniuliza, "Wewe, panya ni panya, mtu ni mtu." Ni kweli. Lakini mwaka wa 2000 Eleanor Maguire na wenzake waliwapima madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na waliofanya kazi hiyo miaka mingi zaidi ndio walioongoza. Kumbe chombo ni kilekile. Panya alituonyesha pa kutazama.

Jambo moja linanikera na sitalificha. Panya hawa walipasuliwa vichwa, wengine wakaharibiwa ubongo makusudi, na hakuna aliyewauliza. Nilipokuwa nikisoma habari za lile bwawa nilimwonea huruma panya aliyezungukazunguka bila kufika. Nilimwona nyanya nyuma ya lile zizi. Sina jibu la swali hili, na ningependa tulijadili mwaka ujao badala ya kurudia ile hoja ya "kijijini ni bora kuliko mjini". Lakini kama kiumbe ametolewa kafara namna hiyo, basi ni aibu mara mbili sisi tukipata maarifa hayo kisha tukayacheka.

Na kwa mtetezi wa ile hoja, rafiki yangu, nakubaliana nawe jambo moja: vichochoro vya panya havijaleta dawa ya kuuponya ugonjwa huu. Nyanya hatapona. Lakini ugali si kitu pekee kinachookoa mtu. Laiti watu kumi tu katika boma lile wangejua kwamba kuna ugonjwa unaomnyang'anya mzee ramani na kumwachia miguu, hakuna ambaye angeinama kuokota jiwe. Maarifa hayo yametoka kwa panya. Utayapimaje kwa debe?

Sasa ombi langu ni kwetu sisi wa shule za kutwa. Wenzetu wa bweni hawako njiani. Sisi ndio tunaotembea alfajiri na jioni, tunapita kwenye vijia vyote, tunajua kila ua mpya na kila daraja lililochukuliwa na maji. Ukimwona mzee amesimama penye njia iliyofungwa, anageuka huku, anageuka kule, usipite ukicheka na wenzako kama nilivyowahi kupita mimi. Usimwulize "Umepotea?", kwa maana ataona haya na atakujibu la. Msalimie kwa heshima, "Shikamoo," mwulize anakwenda wapi, useme wewe pia unaelekea huko. Hata kama huelekei. Utachelewa gwaride, ndiyo, na walimu wa zamu nawaombeni hapa mbele ya watu wote mtusamehe kwa sababu hiyo moja. Na nyumbani, mzee akianza kusahausahau, msitosheke kwamba bado anaijua njia ya zamani. Mpitisheni njia mpya mtazame. Ikimshinda, mpelekeni hospitali mapema, msingoje seng'enge.

Aliyenunua shamba simlaumu. Juzi baba alimwendea, akamweleza, naye akasema ataangalia kama anaweza kuacha kipenyo kidogo karibu na kijito. Mpaka leo bado anaangalia.

Na yule aliyeandika juu ya dawati langu, nakujua, mwandiko wako naufahamu. Sijakutaja kwa mwalimu na sitakutaja. Njoo Jumanne moja tumpeleke nyanya sokoni pamoja.

Maana siku hizi ndivyo ninavyofanya. Daktari alimwambia baba kwamba kujifunza kwa kurudiarudia hakumalizwi haraka na ugonjwa huu, basi nikawaza kwamba kama straiatamu ya nyanya bado i kazini, tuipe kazi. Kila Jumanne naamka saa kumi na moja kasoro, tunapita njia ya juu, ileile, upande uleule wa barabara, bila kubadilisha hata hatua, namwacha sokoni kwa shangazi nami nakimbilia shuleni. Ijumaa shangazi humpeleka njia hiyohiyo. Mwezi wa kwanza nilimshika mkono kila mahali. Njia panda ya kwanza, baada ya barabara ya murram, ndiyo iliyokuwa ikimshinda. Angesimama pale akaniita kwa jina la baba akiuliza tunakwenda wapi.

Jumanne iliyopita nilikuwa nimebaki nyuma kidogo nikifunga kamba ya kiatu. Nilipoinua uso nyanya alikuwa ameshafika njia panda. Hakusimama. Alipinda kushoto na kikapu chake, akaendelea kutembea, nami ikabidi nikimbie kumfikia.